Uliza Anti: Maiki ikifika mkononi mwako

Haya wapenzi wa safu, toka tuseme mwezi huu tunapokea maswali ya kuongea mbele za watu ujumbe umeingia mwingi kweli, wa vyuo, wa vikundi, mpaka baba mzazi mwenye sendoff yake. Siwezi kujibu wote, nimechagua yale yanayofanana na ya wengine wengi. Kuna jambo litarudi rudi humu ndani bora nilitaje kabisa: anayekusikiliza anatumia sikio, na sikio haliwezi kufungua ukurasa wa nyuma likasoma tena. Akipitwa kapitwa. Ndo mana hotuba haipangwi kama barua.

SWALI: Shikamoo Anti. Mi nasoma chuo hapa Dodoma mwaka wa tatu, wiki mbili zijazo nina prezentesheni ya utafiti wangu mbele ya paneli, nimepewa dakika 10 alafu maswali dakika 5. Slaidi zangu ziko 38. Tatizo ni kwa Kiingereza, na mi nikisimama mbele za watu mikono inatetemeka mpaka karatasi inapiga kelele, Kiingereza chote kinapotea. Kwenye kazi za kikundi huwa naomba mwenzangu aongee mi nibonyeze slaidi, safari hii hakuna wa kumuomba. Nifanyeje? – *Mbonyeza Slaidi, Dodoma*

ANTI: Marahaba mwanangu. Tuanze na hizo 38. Dakika 10 ni sekunde 600, gawa, kila slaidi inapata sekunde 16 hivi. Kuna mtindo wa kuprezenti unaitwa PechaKucha, ulianzia Tokyo mwaka 2003, slaidi 20 na kila moja sekunde 20 haizidi, na watu wanauona ndo mtindo wa kasi, tena wale wanaonyesha mapicha zaidi. Sasa we una kasi kuliko wao na slaidi zako zimejaa maandishi. Punguza ziwe 8, zikizidi sana 10.

Najua utasema zote ni muhimu. Hapana, zote ulizihangaikia, hicho ni kitu kingine. Paneli inataka kujua tatizo lilikuwa nini, we ulifanyaje, ulikuta nini, na kwa hiyo nini. Wanafunzi wengi ninaowaona wanakula dakika sita kwenye historia ya tatizo na fasili za maneno, wakifika kwenye matokeo mwenyekiti anasema "one minute", hapo mtu anaanza kukimbia slaidi kwa kubonyeza tu next next next. Yani kile kitu ambacho ni chake mwenyewe, alichotembea juani kukusanya, ndo hakisikiki. We geuza. Utangulizi dakika moja, mbinu dakika mbili au pungufu, matokeo ndo uyape nafasi, nusu nzima ya muda wako. Na tafadhali usibandike lile jedwali la SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, lilivyo, namba arobaini za pointi tatu tatu, hakuna mtu ataliona toka nyuma. Chagua namba mbili zinazosema kitu, ziandike kubwa, nyingine ziko kwenye ripoti wakitaka wataziuliza.

Maandishi kwenye slaidi yapunguze mpaka uone aibu. Watu wanasoma kwa macho haraka kuliko unavyosoma wewe kwa sauti, kwa hiyo ukiwawekea aya nzima watamaliza kabla yako, watakusubiri, na wakichoka kukusubiri wanaingia WhatsApp.

Kuhusu Kiingereza. Usianze kuandika hotuba kwa Kiingereza. Mkalishe rumeti wako kitandani umweleze utafiti wako kwa Kiswahili dakika tano, vile mnavyoongea, bila kuangalia karatasi. Akikuuliza "sa hapo ilikuwaje?" ujue hapo hapajakaa sawa. Ukishaweza kumuelewesha yeye, chukua yale yale uliyosema uyaweke kwa Kiingereza kifupi, sentensi fupi fupi, maneno unayoyatamka bila ulimi kugoma. Sentensi ya kwanza na ya mwisho tu ndo uzishike kichwani neno kwa neno, kwa sababu mwanzo ndo woga unakuwa juu kabisa na mwisho ndo watu wanaishia na "that's all, thank you" huku wanakimbilia kiti. Na swali la paneli usipolielewa omba warudie, hiyo sio dhambi. Au lirudie mwenyewe kwa maneno yako, "so you are asking whether…", utapata na sekunde chache za kufikiri.

Sasa kutetemeka. Mwili unadhani kuna hatari, unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mikono inacheza, mdomo unakauka. Haimaanishi hujui. Na kuna jambo nataka ulisome mara mbili: wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha utafiti mwaka 2003 wakakuta watu wanaotoa hotuba wanadhani woga wao unaonekana wazi kumbe wasikilizaji wanauona kidogo tu kuliko hivyo. Tena wale walioambiwa ukweli huu kabla ya kusimama waliongea vizuri zaidi. Haya, na wewe nimekuambia. Mwingine, Alison Wood Brooks wa Harvard, mwaka 2014 alionyesha kwamba mtu mwenye woga akijiambia amechangamka, ana hamu, anafanya vizuri kuliko anayejilazimisha kutulia. Inaingia akilini, moyo unakimbia tayari, kuusimamisha ni kazi ngumu kuliko kuupa jina lingine.

Alafu usijipe vitu vya kukusaliti. Karatasi ya A4 ikiwa mkononi peke yake inapiga kelele kweli, tumia kadi ngumu ndogo au iache mezani. Ile taa ya leza ya kuonyeshea usiishike kabisa, mkono ukitikisika kidogo tu kale kanukta kekundu kanacheza ukutani watu wote wanakaona. Pumua kwa kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyoingiza, mara tatu nne kabla hujaitwa.

Na mazoezi ni ya kusimama na kutoa sauti. Kupitia slaidi kimoyomoyo kitandani sio mazoezi, ulimi haujafanya kitu hapo. Ingia darasa tupu jioni, weka saa ya simu, ongea. Rudia. Siku yenyewe nenda na kazi yako kwenye fleshi na nyingine umejitumia kwa barua pepe, toleo moja la PowerPoint lingine PDF, mana hizo kompyuta za ukumbini zina mambo yake. Kukiwa na swali refu na slaidi inawavuruga, bonyeza herufi B kwenye kibodi wakati slaidi zinaonyeshwa, kioo kinakuwa cheusi wote wanakuangalia wewe. Najua ndo unachokikimbia, lakini kijaribu.

SWALI: Habari Anti. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama, tunaweka na kukopa. Tunafanya sherehe ya kutimiza miaka mitano na nimepewa kazi ya kusoma risala mbele ya mgeni rasmi. Wanakamati wameniletea mambo ya kuweka, mpaka sasa ni kurasa saba na maombi kumi na moja. Pia naogopa itifaki, nisije nikaruka mtu. – *Katibu, Morogoro*

ANTI: Hongereni kwa miaka mitano, vikundi vingi havifiki hapo.

Kurasa saba hapana dada yangu. Ukurasa mmoja wa A4 uliojaa, ukiusoma kwa utulivu, unakula dakika nne mpaka tano. Saba ni nusu saa, kwenye turubai, saa nane mchana, watu hawajala. Mwezi Novemba 1863 huko Gettysburg Marekani walikuwa wanazindua makaburi ya wanajeshi, msemaji mkuu alikuwa Edward Everett, mtu aliyesifika kwa hotuba, akaongea kama saa mbili. Baada yake akasimama Rais Lincoln, dakika mbili tu, maneno hayafiki mia tatu. Ya Lincoln ndo inafundishwa mpaka leo, na Everett mwenyewe kesho yake alimwandikia Lincoln kukiri kwamba kwa zile saa mbili angefurahi kama angekaribia kiini cha jambo vile mwenzake alivyofanya kwa dakika mbili.

Lakini kamati haitakubali kukata vitu vyao, si ndio? Dawa ipo na haigombanishi mtu. Tengeneza risala mbili. Ile ndefu, yenye kila kitu, na orodha ya viongozi na hesabu na maombi yote kumi na moja, mnaichapa vizuri mnaiweka kwenye folda mnamkabidhi mgeni rasmi mkononi, hiyo itaenda ofisini kwake na ndo itakayofanyiwa kazi kama itafanyiwa. Ya kusoma kwa mdomo iwe kurasa mbili. Humo taja mafanikio mawili yenye namba, changamoto moja inayouma kweli, na ombi moja, mkishindwa kabisa mawili. Mgeni rasmi akisikia maombi kumi na moja anajibu "nimeyapokea tutayafanyia kazi", na mnapiga makofi, imeisha hiyo. Akisikia moja analazimika kulijibu pale pale mbele ya watu, ndo mana nasema moja.

Jinsi ya kuichapa hiyo ya kusoma nayo ina siri zake. Herufi kubwa, saizi 16 au zaidi, upande mmoja wa karatasi, namba za kurasa ziwepo, na sentensi isikatike ukurasa mmoja ikaenda kumalizikia mwingine, utabaki unapekua huku watu wanasubiri. Namba ziandike vile utakavyozitamka. Ukiandika 12,400,000 utasimama hapo kuhesabu sifuri, andika "milioni kumi na mbili na laki nne". Weka kwenye jalada gumu, mana upepo wa nje hauna adabu. Sentensi zikate ziwe fupi, ukikuta "ambapo", "ambaye" na "ambayo" zote ziko kwenye sentensi moja ujue hiyo ni ya kusomwa kimya, sio ya kusikika.

Itifaki sasa. Unaanza na mgeni rasmi, unafuata viongozi kwa ngazi zao, wa dini, wa serikali ya mtaa, wageni waalikwa, wanakikundi. Sio lazima umtaje kila mtu, ukishawataja wakubwa sema "itifaki imezingatiwa" uendelee na yako, hilo neno limeokoa watu wengi nchi hii. Ila kuna mtego mmoja: mgeni rasmi mara nyingi siku yenyewe anatuma mwakilishi. Asubuhi hiyo hiyo muulize MC au mwenyekiti nani kaja kweli, jina lake linatamkwaje, cheo chake ni kipi, uandike kwa kalamu juu ya karatasi yako. Kumsomea mwakilishi jina la bosi wake mwanzo mpaka mwisho ni aibu inayoepukika kabisa.

Maiki ishike chini kidogo ya mdomo, umbali wa vidole vinne hivi, usiipige piga wala kuipulizia, we salimia tu, watu wa nyuma wasiposikia watakuambia wenyewe. Na usiende kusimama mbele ya spika na maiki mkononi, ile sauti inayotoka kwenye spika inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa, inatoka, inaingia tena, ndo huo mluzi unaoziba watu masikio.

SWALI: Anti, hotuba nzuri ni ya kukariri au ya kusoma? Mimi ni kiongozi wa vijana kanisani Mbeya, mchungaji wetu anasema mtu anayesoma karatasi hana kitu moyoni, lakini nikikariri nasahau katikati. – *Kiongozi wa vijana*

ANTI: Mchungaji tumheshimu, lakini hapo sikubaliani nae yote. Winston Churchill unamjua, yule aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita ya pili ya dunia. Mwaka 1904 akiwa mbunge kijana alisimama bungeni na hotuba aliyoikariri, katikati ikakatika, akajaribu kuitafuta haikuja, akakaa chini. Toka hapo akawa haachi kwenda na maandishi yake, na ndo huyo huyo ambaye hotuba zake za vita watu bado wanazirudia. Kwa hiyo karatasi haimaanishi moyo mtupu.

Shida ya kukariri neno kwa neno ni kwamba kila neno linashikiliwa na la kabla yake, kama shanga, uzi ukikatika pahala pamoja zinamwagika zote. Shida ya kusoma ni kwamba macho yako yanakaa chini na sauti inakuwa ya mtu anayesoma tangazo. Katikati yake kuna njia ambayo ndo naipenda: shika mtiririko, usishike maneno. Kwenye kadi andika maneno manne matano makubwa, kila moja ni mlango wa jambo. Ukisahau sentensi haijalishi, hakuna aliyekuwa nayo zaidi yako, unaangalia kadi unaingia mlango unaofuata.

Tunaposema fulani "aliongea bila karatasi" tuangalie vizuri pia. Agosti 28 mwaka 1963 Martin Luther King, yule mtetezi wa haki za weusi Marekani, alikuwa Washington na hotuba iliyoandikwa. Karibu na mwisho mwimbaji Mahalia Jackson alimpazia sauti kutoka nyuma awaambie watu kuhusu ile ndoto yake, ile ya "I have a dream", King akaiacha karatasi, akaingia kwenye kipande ambacho ndo dunia nzima inakikumbuka. Watu wanasema kilishuka tu. Lakini alishakisema kabla, mwezi Juni mwaka huo huo alikisema Detroit, na huko nyuma pia. Kilikuwa kimeshapita mdomoni mwake mara kadhaa, ameshasikia watu wanaitikia wapi na wapi wananyamaza, ndo akaweza kukiita siku hiyo bila karatasi. Yani anayeonekana anaongea toka moyoni mara nyingi ni mtu ambaye mdomo wake unayajua yale maneno siku nyingi.

Na ukitaka mfano wa kupanga kitu kikashikika, tuna wa kwetu. Novemba 2, 1978 Mwalimu Nyerere alipoongea pale Diamond Jubilee kuhusu Idi Amin kuvamia Kagera, alieleza kwa kirefu tu kilichotokea, lakini mtu yeyote Tanzania, ata aliyezaliwa miaka ishirini baadae, atakutajia vitatu: uwezo, sababu, nia. Vyote alisema tunavyo. Maneno matatu, mepesi, yamepangwa kwa mdundo mmoja, kitenzi kile kile kinarudi. Mtu aliyesikia redioni dukani akifika nyumbani anaweza kumsimulia mke wake bila kupoteza kitu. Jaribu hiyo kwenye mahubiri yako ya vijana: kabla hujaandika chochote, andika ile sentensi ambayo kijana akiulizwa na mama yake "leo mmefundishwa nini" ataitoa. Kama huna hiyo sentensi, ata ukariri vizuri namna gani hamna kitu.

SWALI: Mwandishi, habari za kazi. Mimi ni mzee wa miaka 63, niko Moshi. Binti yangu wa mwisho anafanyiwa sendoff na nimetakiwa nitoe neno la mzazi. Sijawahi kuwa muongeaji, wenzangu wakisimama wanachekesha watu, mimi sina utani. Na nahofia nitalia. Nisaidie. – *Baba Bibi Harusi*

ANTI: Shikamoo baba. Hongera sana kwa kufikisha binti hapo.

Utani usiutafute baba, utani wa kuazima unaonekana. Watu ukumbini hawakukuita uwachekeshe, MC ndo kalipwa kwa kazi hiyo. Wewe una kitu ambacho hakuna mwingine pale anacho, unamjua yule mtoto toka siku ya kwanza. Kaa jioni moja na mama yake mkumbuke jambo moja tu la utotoni linaloonyesha alivyo, dogo, la kweli. Sio "binti yangu ana heshima na bidii", hayo yanasemwa sendoff zote. Labda alikuwa anagawa chakula chake kwa mtoto wa jirani, labda alikataa kurudi kutoka shule bila mdogo wake. Simulia hilo kwa dakika moja, alafu mgeukie, mwite kwa jina mlilokuwa mnamwita nyumbani, mwambie unachomtakia. Alafu umgeukie mkwe umwambie neno moja la kumkaribisha. Shukrani kwa wageni na kwa upande wa pili ziwekwe mwanzoni, kwa jumla jumla, ukianza kutaja majina ya waliochangia utamsahau mmoja na huyo mmoja hatasahau.

Dakika nne zinatosha. Mambo ya mahari, mambo ya nani alichelewa vikaoni, yaache huko huko.

Kuhusu kulia: ukilia umelia baba, hakuna atakayekushangaa, na wamama wote watakuwa wameshalia kabla yako. Ila kama hutaki kukatika, jisomee hilo jambo la utotoni kwa sauti nyumbani mara nyingi kabla ya siku, ile mara ya kwanza ndo chozi linakuja kwa nguvu, likirudiwa linazoeleka kidogo. Ukiona linakuja pale mbele, nyamaza, angalia juu, kunywa maji, watakusubiri. Andika pia kwenye karatasi hata kama hutaisoma, umkabidhi kaka yake aishike, ikishindikana amalizie yeye.

SWALI: Dadangu hujambo. Niko Mombasa, nafanya kazi ya kuuza bima, kila nikiongea na watu natia "yaani" na "unaona" na "aaah" kila saa hadi wenzangu kazini wananihesabia na kunicheka. Ntaachaje? – *Bwana Yaani*

ANTI: Sijambo kakangu. Hao wanaokuhesabia washukuru, kuna watu wanatafuta huduma hiyo. Toastmasters, vile vilabu vya kujifunza kuongea alivyovianzisha Ralph Smedley huko California mwaka 1924, kila mkutano kuna mtu kapewa kazi maalum ya kuhesabu "aaah" za wasemaji. Vilabu vyao viko Nairobi na Dar pia, na ata msipokuwa na klabu mnaweza kufanya wenyewe pale kazini mara moja kwa wiki, mmoja anaongea, mmoja anashika saa, mmoja anahesabu.

Hizo "yaani" zinaingia pale ambapo mdomo umemaliza na kichwa bado kinatafuta kinachofuata, na wewe unaogopa ukimya. Jirekodi kwenye simu ukimweleza mtu bima yako, sikiliza, utaumia kidogo lakini utajua zinakaa wapi. Wengi ni mwanzoni mwa sentensi. Alafu badala ya kuziondoa zote kwa mkupuo, jifunze kitu kimoja: sentensi ikiisha, funga mdomo. Midomo igusane kabisa. Huwezi kusema "aaah" mdomo umefungwa. Sekunde mbili wewe utaziona ndefu, mteja anaona mtu anayefikiri. Mbili tatu zikibaki ziache, hata mashehe wanazo.

SWALI: Anti salaam kutoka Muscat. Nna mkutano na wenzangu wa Zanzibar kwenye Zoom, nitaprezenti mpango wa biashara yetu ya pamoja. Kuna tofauti na kusimama mbele ya watu? – *Wa Muscat*

ANTI: Waalaykum salaam. Ipo. Kwanza saa, Muscat mko mbele kwa saa moja, andika kwenye mwaliko "saa fulani ya Zanzibar" ili mtu asiingie wakati mnaagana. Kamera iinuliwe ilingane na macho, weka laptopu juu ya vitabu, na mwanga utokee mbele yako sio dirisha la nyuma, ukikaa na dirisha nyuma wanaona kivuli kinaongea. Unapotoa hoja yenyewe angalia ile lenzi, sio sura zao, ingawa najua macho yanakwenda kwenye sura.

Kubwa zaidi: kwenye Zoom huoni mtu akichoka. Kwa hiyo usiongee robo saa mfululizo, kila dakika tatu nne muulize mtu kwa jina lake, "mwenzangu hapo kwenye gharama za kontena unaonaje?" Na watumie hesabu mapema wawe nazo mkononi, mtandao ukikata kidogo bado wanajua mko ukurasa gani.

SWALI: Mi swali langu fupi. Unaenda zako harusini kula pilau, MC anasema "sasa tumuite mwakilishi wa marafiki wa bwana harusi" anakutaja jina. Hapo unafanyaje? – *Wa meza ya nyuma, Tabata*

ANTI: Unaweka kijiko chini kwanza, na unatembea pole pole, mana ule umbali wa kutoka meza ya nyuma ndo muda wako wote wa maandalizi. Ukiwa njiani jiulize vitatu: nilimjua huyu wapi, leo namuonaje, namtakia nini. Jana, leo, kesho. Hiyo ndo hotuba nzima na haihitaji karatasi. Usianze na "sikujiandaa" wala "mi sio muongeaji", wanajua, wamekuona na paja la kuku. Salimia, sema mlikutana wapi na kitu kimoja alichokufanyia, ambacho mama yake akisikia hataaibika, wapongeze wote wawili kwa majina yao, na jina la bibi harusi kama huna uhakika nalo soma kwenye kile kibango cha nyuma ya steji. Dakika moja na nusu, maiki rudisha kwa MC, pilau bado la moto.